Ningejuaje? Ubadilishaji wa Madubwana na Haki ya Mchezaji katika Mchezo wa Dungeons & Dragons

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi kiongozi wa mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika anavyoyabadilisha madubwana yaliyoandikwa vitabuni ili yaifae meza anayoiongoza. Mchezo uliochunguzwa ni Dungeons & Dragons, hususan toleo lake la tano la mwaka 2014. Uchambuzi umeongozwa na Nadharia ya Upokezi, hasa dhana ya upeo wa matarajio kama ilivyofafanuliwa na Hans Robert Jauss. Inadaiwa kwamba kubadilisha namba za dubwana hubadilisha urefu wa pambano kuliko maana yake. Kwamba badiliko lenye uzito ni lile linalogusa matendo ya dubwana na maarifa ya wachezaji. Na kwamba badiliko la namna hiyo huwa halali pale tu mchezaji anapoachiwa njia ya kuligundua kabla halijamgharimu.

1.0 Utangulizi

Mchezo wa Dungeons & Dragons ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974 na kampuni ndogo ya Tactical Studies Rules ya Lake Geneva, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani. Waasisi wake, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoka miongoni mwa wapenzi wa michezo ya vita inayochezwa mezani kwa vinyago vya askari. Walichokifanya ni kumwondoa mchezaji katika nafasi ya jemadari wa jeshi zima na kumkabidhi mhusika mmoja wa kumwigiza.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuketi kwenye meza ya namna hii, maelezo machache yanatosha. Wachezaji, kwa kawaida watatu hadi watano, kila mmoja humiliki mhusika wake: mpiganaji, mchawi, mwizi, kasisi. Mtu mmoja mezani hana mhusika. Huyo ndiye kiongozi wa mchezo. Huusimulia ulimwengu, huwasemea watu wote ambao wahusika wanakutana nao, na huyaendesha madubwana. Mchezaji hueleza anachotaka mhusika wake akifanye. Pale ambapo matokeo hayana uhakika, hurusha dadu ya pande 20, hujumlisha nyongeza inayotokana na uwezo wa mhusika, na jumla hiyo hulinganishwa na kiwango kilichowekwa. Katika pambano, kiwango hicho ni kiwango cha kinga cha anayeshambuliwa. Kikifikiwa, dadu nyingine hurushwa ili kupata madhara, nayo hutolewa katika alama za uhai. Alama za dubwana zikiisha, limekufa. Za mhusika zikiisha, ameanguka.

Kwa hiyo dubwana huja mezani likiwa na sura mbili. Ya kwanza ni jedwali la sifa, yaani namba na kanuni zake, ambalo kiongozi peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kulitazama. Ya pili ni kile ambacho wachezaji wanakiona na kukisikia kupitia maneno ya kiongozi. Makala haya yanahusu kinachotokea kiongozi anapoigusa sura ya kwanza, na deni ambalo hapo hapo linamwangukia upande wa sura ya pili.

Swali lililoyazaa makala haya halikutoka maktabani. Lilitoka kwa mchezaji mmoja wa kundi ninaloliongoza kwa Kiswahili, kundi la wanafunzi wenzangu wa shahada za juu, usiku ambao mhusika wake aliyemlea kwa miezi saba aliuawa na troli niliyembadilisha mimi mwenyewe. Hakupandisha sauti. Aliikunja karatasi ya mhusika wake mara mbili, akaiweka mezani, akasema: “Kaka, ningejuaje?” Sikuwa na jibu, na kwa majuma kadhaa nilijifariji kwamba swali lenyewe halikuwa la haki. Baadaye nilibaini kwamba lilikuwa ndilo swali lenyewe.

Kuhusu istilahi, neno dubwana limetumika hapa kwa kiumbe chochote cha kutisha kilichoorodheshwa vitabuni. Koboldi na troli yametoholewa, kwa kuwa viumbe hao hawana wenzao wa karibu katika simulizi zetu. Na msomaji avumilie kwamba troli wa humu hana undugu na kile kigari cha kusukuma mizigo. Jitu lenye nguvu na akili ndogo ambalo ni la kawaida katika mchezo huu nimeliita zimwi, uamuzi ambao una gharama zake, kama itakavyoonekana katika sehemu ya sita. Uhuru wa kuyatafsiri majedwali haya una msingi wa kisheria: mnamo Januari 2023 sehemu kubwa ya kanuni za toleo la tano, pamoja na viumbe watatu niliowataja, iliwekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons.

2.0 Madubwana yaliyokwisha kubadilishwa

Kabla ya kuuliza kama inafaa kulibadilisha dubwana, inafaa kutambua kwamba madubwana mengi ya mchezo huu yalibadilishwa kabla hayajaingia kitabuni. Troli ni mfano mzuri. Katika masimulizi mengi ya Skandinavia, troli akipigwa na jua hugeuka jiwe. Troli wa Dungeons & Dragons halijali jua. Jeraha lake hujifunga lenyewe, kiungo kilichokatwa huendelea kuishi, na hakuna kinachokizuia kipaji hicho isipokuwa moto au tindikali. Sifa hizo hazikutoka kwa wasimulizi wa Norwei. Zilitoka katika riwaya ya mwandishi wa Marekani, Poul Anderson, iitwayo Three Hearts and Three Lions, iliyotoka kama kitabu mwaka 1961. Anderson alimbadilisha troli wa mapokeo, Gygax akamchukua troli wa Anderson, na leo kuna vijana wengi duniani wanaoamini kwamba troli huchomwa moto tangu kale.

Dubwana la kutu lina asili ya chini zaidi, ikiwa neno asili linafaa. Gygax alikuwa akitafuta vinyago vya kutumia mezani na akanunua mfuko wa vijidude vya plastiki vilivyotengenezwa Hong Kong, visivyofanana na mnyama yeyote anayejulikana. Kimoja chenye mkia wa ajabu kikawa dubwana linaloozesha chuma kwa kukigusa, nalo likaingia katika kitabu cha nyongeza cha Greyhawk cha mwaka 1975. Kijidude kingine cha mfuko huo huo kikawa dubu mwenye kichwa cha bundi.

Hali ilibadilika mwaka 1977 kilipotoka Monster Manual, kitabu chenye jalada gumu kilichokusanya madubwana zaidi ya 300. Kiongozi sasa alikuwa na hazina kubwa mkononi. Lakini kitabu kinachouzwa dukani hakichagui mnunuzi, na wachezaji nao wakakinunua. Hapo ndipo tatizo la makala haya linapozaliwa. Jauss, katika mhadhara wake wa Konstanz wa mwaka 1967, alisisitiza kwamba hakuna anayeipokea kazi ya fasihi akiwa mtupu. Kila mpokeaji huja na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizokwisha kuzipokea. Mchezaji aliyesoma Monster Manual huja mezani na upeo ulionyooka kama rula: akisikia kwamba jeraha limejifunga, mkono wake uko tayari kwenye mwenge. Troli hamtishi tena. Amekuwa mtihani ambao majibu yake yamebandikwa ukutani.

Wachezaji wenyewe hawakukaa kimya. Nchini Uingereza, jarida la White Dwarf lilikuwa na safu ya madubwana yaliyobuniwa na wasomaji, na mengi kati yake yalikusanywa katika kitabu cha Fiend Folio cha mwaka 1981. Baadhi yalikuwa ya kuchekesha kuliko kutisha. Hata hivyo, uwepo wa kitabu hicho ni ushahidi kwamba hamu ya kuyabadilisha madubwana ilikuwepo tangu miaka ya mwanzo, na kwamba haikutokana na upungufu wa orodha.

3.0 Namba na kikomo chake

Kiongozi mpya anapotaka kulibadilisha dubwana, kwa kawaida huanza na namba, na vitabu vyenyewe vimemfundisha hivyo. Toleo la tatu la mwaka 2000 ndilo lililojitahidi kuliko yote kuifanya kazi hii kuwa hesabu kamili. Dubwana lilijengwa kwa kanuni zinazokaribiana sana na za mhusika wa mchezaji. Lingeweza kuongezewa dadu za uhai, kupewa ngazi za upiganaji au uchawi, au kuvishwa kiolezo, kwa mfano kiolezo cha nusu joka, ambacho hubadilisha sifa zake zote kwa mpangilio uliowekwa. Mfumo huo una uzuri wa kihandisi. Pia hula jioni nzima ya kiongozi kwa dubwana litakaloishi raundi nne.

Toleo la mwaka 2014 lilipunguza mzigo huo kwa kutumia kiwango cha ugumu. Kimsingi, dubwana la kiwango fulani linakusudiwa kushindwa bila kifo na wahusika wanne wa ngazi hiyo hiyo waliopumzika vizuri. Anayebuni dubwana hutafuta kiwango cha kujilinda kutokana na alama za uhai, akikipandisha au kukishusha hatua moja kwa kila tofauti ya pointi mbili katika kiwango cha kinga. Kisha hutafuta kiwango cha kushambulia kutokana na wastani wa madhara katika raundi, akikirekebisha vivyo hivyo kwa nyongeza ya shambulio. Wastani wa viwango hivyo viwili ndio kiwango cha ugumu.

Nimeupima utaratibu huu kwa viumbe wa kitabu chenyewe. Troli ana alama 84 za uhai, na kwa kuwa hujiponya alama 10 kila raundi, kanuni inaelekeza zihesabiwe 30 zaidi, jumla 114. Jedwali humpa kiwango cha 3. Kinga yake ni 15 badala ya 13 iliyotarajiwa, basi hupanda hadi 4. Kwa upande wa kushambulia, meno na kucha zake hutoa wastani wa madhara 29, sawa na kiwango cha 4, na nyongeza yake ya 7 dhidi ya 5 iliyotarajiwa humpandisha hadi 5. Wastani ni 4.5, nacho kitabu kinasema 5. Hesabu imekubali.

Sasa tulitazame zimwi. Alama zake za uhai ni 59, sawa na kiwango cha nusu. Kinga yake ya 11 hulishusha hadi robo. Rungu lake hutoa wastani wa madhara 13, sawa na kiwango cha 1; nyongeza yake ya 6 dhidi ya 3 hulipandisha hadi 2. Wastani wa robo na 2 ni zaidi kidogo ya 1. Kitabu kinasema 2. Kwa maneno mengine, mmoja wa viumbe wanaojulikana zaidi katika mchezo huu hapiti katika kipimo cha vitabu vya toleo lake mwenyewe. Siuchukulii huu kuwa ushahidi wa uzembe. Waandishi wenye uzoefu waliliona zimwi likicheza, wakajua kwamba pigo moja la rungu lile linaweza kumwangusha mhusika mchanga, wakaamini macho yao kuliko jedwali. Kiongozi anayefanya kazi hii nyumbani ana haki hiyo hiyo, alimradi ajue kwamba anaitumia.

Hoja iliyo muhimu zaidi ni ile ya urefu. Chukua wahusika wanne, kila mmoja akifanikiwa kupiga katika mashambulizi 65 kwa 100, kwa madhara 8. Kwa pamoja hutoa takribani alama 21 kwa raundi, na zimwi la alama 59 huanguka katika raundi ya tatu. Ongeza alama ziwe 118, na litaanguka katika raundi ya sita. Nini kimebadilika? Wachezaji wamefanya mara sita kile walichokuwa wakikifanya mara tatu. Uamuzi wao ni ule ule, na katika raundi ya nne utamwona mmoja akiitazama simu yake. Ni kweli kwamba zimwi nalo limepata mapigo matatu zaidi, hivyo hatari imeongezeka. Lakini ni hatari ya kuchoshwa na mvua, si ya kupotea njia. Aidha, kitabu chenyewe kimeruhusu tofauti hiyo kimya kimya: alama 59 ni wastani tu wa dadu saba za pande 10 pamoja na 21, hivyo mazimwi halali huanzia alama 28 na kufikia 91. Kiongozi anayeongeza alama ndani ya mipaka hiyo hajabadilisha chochote. Amechagua zimwi nene.

4.0 Tendo

Turudi kwa dubwana la kutu. Haliui kwa wepesi. Hata hivyo, wachezaji wazoefu hulikimbia kuliko wanavyomkimbia joka mdogo, kwa sababu linakula kitu ambacho alama za uhai hazikipimi: upanga wa urithi, vazi la chuma lililonunuliwa kwa dhahabu ya safari tatu. Mara linapotokea, mpangilio wa kundi hupinduka. Mpiganaji mwenye vazi la chuma, ambaye siku zote hutangulia, hurudi nyuma. Mchawi mwenye fimbo ya mti husogea mbele. Tendo moja limewauliza wachezaji swali ambalo hawakuwa wamejiandaa kulijibu. Kwa msamiati wa Shklovsky, lililozoeleka limefanywa geni, na kwa gharama ya sentensi moja tu katika jedwali la sifa.

Kwa kutumia kigezo hicho hicho niliwahi kuliongezea zimwi tendo moja: likimpiga mhusika na kumwangusha, humkwapua chini ya kwapa na kukimbia naye. Namba zake sikuzigusa. Swali la mezani likahama kutoka “tunaliuaje?” hadi “nani anabaki na majeruhi, nani anafukuza?” Pambano lilidumu raundi nne, na mabishano yake hayajaisha hadi leo.

Mfano mashuhuri kuliko yote hauna hata badiliko la jedwali. Katika toleo namba 127 la jarida la Dragon, la Novemba 1987, mhariri Roger E. Moore alisimulia kuhusu koboldi wa kiongozi mmoja aitwaye Tucker. Koboldi ni kiumbe dhaifu kuliko karibu vyote vitabuni. Katika toleo la 2014 ana alama 5 za uhai, na mpiganaji humwondoa kwa pigo moja. Koboldi wa Tucker walikuwa hao hao, wenye udhaifu huo huo. Tofauti ni kwamba walipigana kama watu wanaoilinda nyumba yao: waliwasha moto na kuwasukumia wageni, walitumia vijia ambavyo mtu mzima hapenyi, walirusha na kutoweka. Wahusika wenye nguvu, waliokuja kupambana na mashetani wa ngazi za chini, waliona afadhali mashetani kuliko kupita tena kwa koboldi. Moore alitaka kuwafundisha viongozi kwamba ugumu hauhitaji namba kubwa. Mimi nayasoma maelezo yake kwa jicho jingine. Kila kitu walichokifanya koboldi wale kilionekana. Moshi ulionekana, tundu la ukutani lilionekana, na mchezaji aliyechomwa mara ya kwanza alijua nini kilimchoma. Walikuwa wakatili, lakini hawakuwa siri.

5.0 Maarifa

Badiliko lililomuua mhusika wa mwenzangu lilikuwa la aina ya tatu, na ndilo gumu zaidi kulihukumu. Wachezaji wangu watatu walikuwa wamekisoma kitabu. Nilijua kwamba wakimwona troli watawasha mienge. Kwa hiyo niliufuta moto na tindikali katika jedwali, nikaandika chumvi mahali pake. Nilifurahi sana nilipoandika. Usiku wa mchezo, wachezaji walifanya kila kilichokuwa sahihi kwa maarifa yao: walichoma, wakamwaga mafuta, wakachoma tena. Majeraha yalijifunga. Katika raundi ya saba mhusika wa kwanza akafa, na wengine wakakimbia.

Kuna utetezi wa aina mbili kwa nilichofanya, na yote miwili ina uzito. Wa kwanza ni wa mamlaka: kanuni zinampa kiongozi neno la mwisho, na hakuna ukurasa unaomlazimisha troli wa kijiji fulani kuogopa moto. Wa pili ni wa uhalisi: mhusika hajasoma Monster Manual, hata kama mchezaji amesoma. Kutumia elimu ya mchezaji kumwokoa mhusika ni aina ya kuchungulia majibu, na kiongozi anayeyabadilisha majibu anaurejesha mtihani katika hadhi yake.

Naukubali utetezi wa pili kwa nusu. Ni kweli kwamba upeo wa matarajio wa mchezaji ulihitaji kutikiswa. Bila hivyo hapakuwa na mchezo, palikuwa na utaratibu wa kuteketeza troli. Lakini Jauss anapozungumzia umbali kati ya matarajio na kazi mpya, anazungumzia umbali ambao mpokeaji anaweza kuuvuka, na kwa kuuvuka upeo wake ukapanuka. Mimi nilichimba shimo badala ya umbali. Hapakuwa na kitu chochote katika ulimwengu niliousimulia, kuanzia kijijini hadi pangoni, ambacho kingemfanya mtu makini afikirie chumvi. Mchezaji huyo hakushindwa kufikiri; hakupewa cha kufikiria. Na katika mchezo huu mchezaji hana mali nyingine zaidi ya uamuzi wake. Dadu si zake, ulimwengu si wake, dubwana si lake. Ukiunyima uamuzi wake taarifa yoyote, umebaki na dadu peke yake, na kwa hiyo kuna michezo mingine ya bei nafuu.

Utetezi wa mamlaka sina budi kuukataa, ingawa unarudiwa mara nyingi. Kwamba kiongozi anaweza kubadilisha ni jambo lililo wazi; kinachoulizwa ni lini badiliko lake linakuwa udanganyifu. Hapa nafasi ya wakati ni muhimu. Badiliko lililofanywa kabla ya mchezo ni sehemu ya ulimwengu. Badiliko linalofanywa katikati ya pambano, kwa mfano kumwongezea troli alama 40 kwa kuwa anakufa mapema mno, linafuta mafanikio ambayo wachezaji wamekwisha kuyalipia. Ni baya kuliko chumvi yangu. Kuhusu kupunguza alama katikati ya pambano ili usiku usiishie kwa vifo, nakiri kwamba nimefanya hivyo mara mbili, na sijawaambia.

6.0 Ishara

Nilipolikuta jibu la swali la mwenzangu, nililikuta katika kazi nyingine kabisa, nikiandaa sura ya tasnifu inayohusu ngano za mazimwi. Katika masimulizi ya Wakikuyu, kwa mfano, kuna zimwi, kwa lugha yao irimũ, linalojigeuza kijana mtanashati na kumposa msichana. Nywele zake ndefu zimefunika kinywa cha pili kilichoko kisogoni. Zimwi hili limebadilishwa kwa ustadi kuliko dubwana lolote la Wisconsin: sura yake yote ya nje ni uongo. Lakini masimulizi hayafichi kinywa moja kwa moja. Nywele husogea, na kuna mtu, aghalabu mdogo asiyesikilizwa, anayekiona. Hofu ya ngano hiyo haitokani na kwamba msichana asingeweza kujua. Inatokana na kwamba angeweza.

Hapa ndipo gharama ya kutafsiri niliyoigusia inapojitokeza. Zimwi la Dungeons & Dragons lina akili ya 5, wakati wastani wa binadamu ni 10; halijigeuzi wala haliposi. Niliposema kwa mara ya kwanza mezani “mnaliona zimwi,” wachezaji hawakuchomoa panga. Mmoja alikataza watu wasile chochote watakachopewa. Mwingine akaanza kujitambulisha, jina, ukoo na kijiji, kwa hoja kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Neno la Kiswahili lilikuwa limelibadilisha dubwana kabla yangu. Ningeweza kuwasahihisha. Badala yake nililiacha zimwi liulize jina la babu yake, na tangu siku hiyo jedwali la kitabu linahusu misuli ya zimwi tu.

Kutokana na ngano hizo nimeunda kigezo ninachokipendekeza: badiliko lolote ambalo linaweza kumgharimu mchezaji lazima liwe limeacha alama katika ulimwengu wa mchezo, mahali ambapo wahusika wamefika au wangeweza kufika, kabla ya gharama. Alama hiyo haipaswi kuwa tangazo. Inapaswa kutokana na dubwana lenyewe, jinsi linavyokula, linapopita, linachokiacha, kwa kuwa kiumbe kinachoogopa kitu hupanga maisha yake kukikwepa. Na alama moja haitoshi. Mtunzi wa fumbo huliona jibu kutoka ndani, hivyo kila mara hudhani ishara yake inang'aa. Mchezaji huiona kutoka nje, katikati ya ishara nyingine mia ambazo hazina maana yoyote. Toleo la nne la mwaka 2008 liliweka jambo linalokaribia hili katika kanuni zake: dubwana likipoteza nusu ya alama za uhai, hali hiyo ilitambuliwa wazi na wote mezani, na baadhi ya madubwana yalibadili mwenendo kuanzia hapo. Toleo hilo lililaumiwa kwa mengi, lakini katika hili lilimheshimu mchezaji.

Baada ya miezi mitatu nilimrudisha troli wa chumvi, safari hii kwa wazi kidogo. Niliwaambia wachezaji kwamba kuna troli, na kwamba si yule wa kitabuni. Mengine niliyaacha katika kijiji cha wavuvi alichokuwa akikivamia. Alibeba mbuzi na makapu ya samaki wabichi, lakini vichanja vya ng'onda vilivyokuwa kando ya makapu hakuvigusa. Nyayo zake zilizunguka mbali kupitia miibani badala ya kukata njia fupi ya ufukweni, ambako maji ya bahari hukauka na kuacha weupe juu ya mchanga. Na mchukuzi mmoja alikuwa amenusurika usiku akiwa na gunia mgongoni. Yuko hai, anauza kahawa sokoni, yeyote amuulize.

Wachezaji waliziona nyayo na wakahitimisha kwamba troli hajui kuogelea. Walimtegea mtego wa kumsukumia baharini, mpango mzuri wenye msingi wa makosa. Moto waliujaribu pia, mara moja, wakauacha. Katika raundi ya tatu, mwenzangu aliyeniuliza swali, ambaye sasa alikuwa akiigiza kasisi mpya asiye na silaha ya maana, alinyamaza, akatazama dari, kisha akauliza kama ng'onda hukaushwa kwa jua tu au hutiwa chumvi. Nilimjibu kwamba hutiwa chumvi. Akasema kasisi wake anakimbilia vichanjani. Mchukuzi wa gunia hakuna aliyemuuliza. Nimebaki naye katika daftari.